Ng'ombe wa Mzee Mayala Darasani

Hosiana Mayala alichagua kusoma hisabati ya fedha kwa sababu ya fikra za kitoto. Alipokuwa anakua Kharumwa aliwaona wanunuzi wa dhahabu wakiamka asubuhi, hata uso hawajanawa, wanatazama simu kujua bei ya dunia imelalaje. Bei ikipanda wanaagiza supu na chapati. Ikishuka wanakunywa chai ya rangi na kununa. Akajiambia kwamba mahali fulani lazima wapo watu wanaojua bei itakwendaje kesho, na watu hao watakuwa wamesoma. Akawafuata mpaka chuo kikuu, mwaka wa pili, akakuta hata wao hawajui. Wanachoweza ni kuandika kutojua kwao kwa herufi za Kigiriki.

Si kwamba alikuwa mzito. Sekondari alikuwa anawafundisha wenzake, na walimu walimwachia chaki wakienda kunywa chai. Lakini chuoni alikutana na watu wote waliokuwa wakiachiwa chaki nchi nzima, wamejazwa ukumbi mmoja, na hapo ndipo mtu hujua kimo chake.

Somo lilifundishwa na Dokta Generosa, mama mfupi wa raba na gauni la kitenge, ambaye alijaza ubao, akaufuta, akaujaza tena, bila kugeuka kuona kama kuna aliye hai nyuma yake. Alichora mstari uliopanda na kushuka kama njia ya mlevi, akasema hiyo ndiyo bei. Akasema hatua inayofuata ya mlevi haijulikani, ila ukimtazama muda mrefu unaweza kukadiria ataangukia umbali gani. Darasa likacheka, likaandika, halikuelewa. Wanafunzi walisoma kwa makundi, wakinakili majibu ya yule aliyenakili kwa mwenzake, na mwenzake naye alikuwa amekosea. Jaribio la kwanza liliporudi, Hosiana alikuta alama ambazo mtu hamwambii mama yake. Mbele yake akaiona sapu, ule mtihani wa marudio, na nyuma ya sapu akaliona disko, yaani kurudishwa nyumbani na sanduku lake, Kharumwa nzima ikitazama.

Ndipo Dokta Generosa akatoa kazi ya kuwasilisha mbele ya darasa. Kila mwanafunzi alete mfano wa mtu aliyetawanya mali yake ili kupunguza hatari, na aupime kwa kanuni walizofundishwa. Kanuni hiyo, ukiivua mavazi yake, ni nyepesi: mali yako usiirundike sehemu moja, na sehemu unazozichagua zisiwe zinapata baa moja siku moja. Karibu wote walileta hisa za benki na hatifungani za serikali, kwa michoro iliyofanana mpaka rangi. Nelly, rafiki yake Hosiana aliyetoka Kahama, naye alileta hizo hizo, na alikuwa wa kwanza kukiri kwamba hakujua zinasema nini.

Hosiana akakaa hosteli na kompyuta ya kuazima, hana kitu. Kisha akamkumbuka baba yake.

Ukipita kwa Mzee Mayala unapokwenda kisimani utaona zizi lenye ng'ombe wachache, wawili kati yao wamezeeka vibaya. Utamhurumia, na ndivyo anavyotaka. Ng'ombe wake walio wengi wako kwa watu. Huo ni utaratibu wa zamani wa Wasukuma na haujafa: unampelekea rafiki au jamaa wa mbali mifugo yako akae nayo. Yeye anakunywa maziwa, anapata samadi, analima kwa maksai, na mara moja moja unamwachia ndama. Wewe unapata usingizi. Mvua ikigoma Kharumwa, huenda imenyesha Isaka. Ugonjwa ukiingia zizi hili, lile liko mbali. Na juu ya yote hayo, watu hawajui. Wakwe hawajui, wa michango hawajui, jamaa wa kuja kuomba hawajui. Kule kwao kumuuliza mwanaume ana ng'ombe wangapi ni sawa na kumfungulia mlango akiwa anaoga.

Hosiana alijua. Mayala alikuwa na watoto wawili, na mkubwa, Mihayo, ni kijana mzuri asiyeweza kukaa na neno kinywani hata akipewa maji. Kwa hiyo tangu binti akiwa mdogo, baba alimpakia yeye kwenye pikipiki kila alipokwenda kuwatazama ng'ombe wake. Wengine walitunzwa upande wa Geita, lakini baba na binti walikwenda zaidi kwa Mzee Magesa, kijiji kimoja mbele ya Isaka, mahali ambapo malori ya kwenda Rwanda na Kongo yanapanga foleni. Magesa na Mayala walianza urafiki wakiwa vijana wanapakia pamba, kabla hata hawajaoa. Wakifika, wazee hao wawili walisimama zizini wakitaja ng'ombe kwa rangi na kwa mama zao: yule mwekundu mwenye baka, binti wa yule aliyevunjika pembe. Hakuna aliyenyoosha kidole na kuhesabu. Kuhesabu ni kuwaita fisi, na pia ni kumwambia mwenzako kwamba humwamini. Yule mtoto aliyekaa juu ya uzio akisikiliza, mwenye kichwa cha namba, alikuwa anahesabu kimyakimya.

Basi chuoni akazitoa namba hizo zote. Alipanga zizi la nyumbani, la Isaka na la upande wa Geita, akatafuta takwimu za mvua za miaka iliyopita, akapima ni mara ngapi ukame wa huku ulikwenda pamoja na ukame wa kule. Kwa mara ya kwanza zile herufi za Kigiriki zilikuwa na kwato na mkia, na zilimtii. Alifurahi mpaka akaogopa. Na niseme ukweli kwa upande wake: majina aliyabadilisha. Baba yake alimwita Bwana A, na Magesa akamwita Mtunzaji wa Pili.

Siku ya kuwasilisha alisimama mbele ya ukumbi akaeleza. Simu zikaanza kushuka mapajani. Hata wa safu ya nyuma waliinua vichwa. Alipomaliza, Dokta Generosa alikunja mikono akamtazama.

"Ni nzuri," alisema. "Ni nzuri mno. Huyu Bwana A yupo, au umemtunga ili hesabu zikubali?"

Ukumbi ukacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa na ubaya, lakini Hosiana alikuwa amechekwa muhula mzima, na sasa hivi tu alikuwa ameonja kusikilizwa.

"Yupo," alisema. "Ni baba yangu. Mayala, wa Kharumwa. Na hao wa Isaka wako kwa Mzee Magesa. Hata leo mtu akienda atawakuta."

Akataja na idadi. Watu wakapiga makofi. Nelly alisimama kabisa kushangilia, na Dokta Generosa akaandika kitu kwenye karatasi yake akitabasamu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Matokeo ya mwisho yalipotoka Hosiana alikuwa na A. Peke yake katika kundi lao.

Alirudi nyumbani likizo akiwa mtu mwingine. Mama yake, Mama Mihayo, aliitangaza ile A kanisani na kisimani, ingawa hakujua ni A ya nini. Baba alisema tu, "Vizuri, mayu," yaani mama, kama Wasukuma wanavyowaita binti zao, na kumchagulia paja la kuku. Nyumba ilikuwa na shughuli nyingine kubwa zaidi: Mihayo anataka kuoa. Msichana aliitwa Zipora, wa Kahama, mshonaji, mchangamfu, na Mihayo alimpenda kiasi cha kuanza kunyoosha mashati yake kwa pasi. Wazee walipanga safari ya kwenda kuzungumza mahari upande wa Buzwagi, hukohuko Kahama, kwa baba yake Zipora. Mayala alivaa koti lake lililochakaa zaidi. Alijua anachofanya: maongezi ya mahari huanza kwa kila upande kulia umaskini, na hilo koti lilikuwa linalia vizuri kuliko mtu.

Walirudi jioni, na mtu wa kwanza kuona kwamba kuna jambo alikuwa Hosiana, aliyewapelekea maji ya kunawa. Baba yake alinawa, akasahau kujifuta.

"Tulikwenda vizuri," mshenga wao, Mzee Bartholomeo, alimwambia Mama Mihayo. "Tukaeleza hali. Tukasema zizi mje mlione, ni hivyo tu Mungu alivyotujalia. Yule mzee akatusikiliza mpaka mwisho, akacheka. Akasema, 'Na wale walioko Isaka kwa Magesa, nao Mungu hakuwajalia?'"

"Eh!" Mama Mihayo alikaa chini.

"Akataja na idadi, mama. Palepale, mbele za watu."

Mahari ilipanda papo hapo, na Mayala, aliyekwisha kuonekana mwongo mbele ya wakwe, hakuwa na mdomo wa kubishana. Alikubali kila walichotaka. Lakini si mahari iliyokuwa inamuuma.

"Amemtaja Magesa," alisema. "Hakutaja wa Geita. Magesa tu. Sasa nani mwingine angemtaja Magesa zaidi ya Magesa mwenyewe?"

Hosiana alisimama na birika mkononi, maji yakimwagikia miguuni. Alijua kabla hajawaza. Alitoka nje, akaenda nyuma ya ghala, akampigia Nelly.

"Wewe una ndugu Kahama anaitwa Zipora?"

"Zipora wa mjomba? Anaolewa huyo! Kumbe unamjua?"

"Uliwasimulia habari za ng'ombe wa baba?"

"Ile kazi yako ya darasani? Ndiyo, nilikuwa najisifia rafiki yangu," Nelly alisema kwa furaha. "Wa Geita nilishasahau, lakini Isaka napajua, si tunapita kila tukienda chuo. Mjomba alipenda kweli. Aliniuliza jina la mzee wako mara mbili."

Nelly hakuwa na kosa, na hilo lilimuumiza Hosiana zaidi, maana alikuwa anatafuta mtu wa kumgawia lawama, hata robo yake. Nelly hakujua kwamba muoaji ni kaka yake Hosiana. Alisimulia jambo lililosemwa wazi mbele ya ukumbi mzima. Aliyelisema ni mmoja tu.

Angerudi ndani wakati ule ule, akaweka birika chini akasema, mambo yangeishia pale: kofi labda, maneno makali kwa hakika, na Magesa angebaki Magesa. Hosiana alirudi ndani akaosha vyombo. Akajiambia atasema kesho, baba akitulia. Kesho yake baba hakuwa ametulia. Keshokutwa alikuwa ametulia sana, na hapo ikawa vibaya kumtibua. Mtu mwoga hakosi sababu, na msomi anazo zaidi, tena anaweza kuzipanga vizuri.

Mayala alikodi Fuso akaenda Isaka na Mihayo. Waliporudi, Mihayo alisimulia kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza chumvi. Mke wa Magesa aliweka chai, baba hakuinywa. Magesa aliuliza kuna nini. Baba akasema anahamisha mifugo tu. Waliwapakia wote, majike, ndama, na wale maksai wanne ambao Magesa mwenyewe aliwafundisha kuvuta jembe. Magesa alisaidia kuwapandisha garini. Hakuuliza tena.

"Alisimama barabarani mpaka tukapotea," Mihayo alisema. "Mimi niligeuka. Baba hakugeuka."

Mwezi huo Hosiana alikonda. Alikuwa akikaa na watu mezani, anamega tonge na kulirudisha. Akisikia jina la Magesa likitajwa kwa dharau, na lilikuwa linatajwa kila siku, anainuka kama anakwenda kuangalia moto. Alijichukia. Alijichukia hasa asubuhi, maziwa ya wale ng'ombe yalipoletwa jikoni, mengi mpaka mengine yanagandishwa, naye anajua kuna nyumba karibu na Isaka inakunywa chai ya rangi kwa ajili ya A yake.

Siku moja jumuiya ya kanisa ilisali nyumbani kwao. Mama Mihayo aliomba waombewe wote waliosalitiwa na marafiki, na pia rafiki mwenyewe, bila kumtaja jina, Mungu amfunge ulimi. Kisha akamgeukia binti yake kwa fahari. "Hosiana atuongoze. Yeye ndiye msomi."

Wanawake walifumba macho, wakasubiri. Hosiana akafungua kinywa, likatoka "Ee Mungu," kisha hakikutoka kingine. Machozi yakamshuka. Wanawake wakaitikia kwa vilio, wakisema Roho amemshukia binti wa watu, na mama mmoja akamshika kichwa na kuombea masomo yake. Hosiana aliacha iwe hivyo.

Mvua za kwanza zilipoanguka, alipata simu kutoka kwa Martina, binti wa Magesa, aliyelingana naye umri, ambaye zamani walikuwa wakikaa wote juu ya uzio.

"Samahani kukusumbua, najua uko na masomo," Martina alisema. "Nilitaka kukuuliza wewe, maana wewe utaniambia ukweli. Baba alimkosea nini mzee wako?"

"Kwa nini unauliza?"

"Tunalima kwa mkono. Majirani wote wameshapanda. Baba anakataa kuazima maksai wa watu, na mgongo wake unaujua. Tunamuuliza kosa lake, anasema na yeye hajui. Anakaa anawaza ni neno gani alilisema. Anakumbuka mpaka maneno ya miaka ile ya pamba."

Hosiana hakumjibu Martina. Alisema mtandao unakatika, ingawa alikuwa anamsikia vizuri kabisa. Lakini hilo lilikuwa la mwisho. Asubuhi iliyofuata alimkuta baba yake zizini, akikwangua kupe kwenye sikio la ndama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu. Umeamka mapema."

"Baba, Mzee Magesa hakusema. Nilisema mimi."

Mayala aliendelea kukwangua. Hosiana akaeleza yote, haraka haraka, kwa Kiswahili na Kisukuma pamoja, akitaja darasa, Dokta Generosa, Nelly, mjomba wake Nelly. Baba yake alimwachia yule ndama.

"Hilo darasa lina watu wangapi?"

"Kama mia na zaidi."

"Mia na zaidi." Alirudia neno hilo kama mtu anayejaribu uzito wa mzigo. "Wote uliwaambia."

"Nilikuwa nafeli, baba."

"Ukafaulu?"

"Nilifaulu."

"Ile tuliyokuchinjia kuku?"

Hosiana aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa kofi, na kwa kweli alilitaka, maana kofi lina mwisho wake. Mayala hakumpiga. Alikaa juu ya jiwe la kunyweshea ng'ombe, uso wake umekuwa wa mzee kuliko alivyokuwa jana, na kilichomtoka hakikumhusu binti yake hata kidogo.

"Aliniwekea chai," alisema. "Sikuinywa."

Alikaa hapo mpaka jua likawa kali. Kisha akampigia mwenye Fuso. Hakutaka kwenda kuomba radhi mikono mitupu: ng'ombe walewale, maksai walewale, warudi zizini mwao, na Hosiana akae mbele garini. Chuo kilikuwa kimefunguliwa wiki hiyo. Hakuna aliyelitaja hilo.

Walifika mchana. Shamba la Magesa lilikuwa limelimwa kipande, kwa matuta mafupi yasiyonyooka, na Martina na mama yake walikuwa katikati ya udongo na majembe. Magesa alitoka nje taratibu, mkono kiunoni. Mayala alikuwa amempigia simu kumwambia anakuja, na kumbe Magesa alijiandaa: chini ya kibanda cha jikoni walikaa mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili wanaume.

Walisalimiana. Hosiana alipiga magoti akatoa shikamoo, akaitikiwa. Kisha, bado yuko chini, akasema aliyokuja kusema, mbele ya watu wote hao. Hakujitetea. Sehemu ya kufeli aliiacha.

Magesa alimsikiliza. Alimwinamia akamshika bega.

"Inuka, mayu. Nawe sina neno. Mwalimu amekuuliza, ukajibu. Mtoto wa shule afanyeje?"

Upole huo ulimchoma. Alikuwa amekuja kuadhibiwa, na hapa anasamehewa kwa urahisi, kama mtoto aliyevunja kikombe. Magesa akamgeukia Mayala.

"Ila wewe. Wewe ulifika hapa na gari. Nikakuuliza kuna nini, ukaniambia unahamisha. Nikakupandishia ng'ombe mimi mwenyewe. Ungeniuliza, Mayala. Ungeuliza tu."

"Nimekosa, Magesa."

"Umekosa, nimesikia."

"Nimewarudisha wote. Na yule mtamba mwekundu ni wako, si wa kutunza. Ni wako."

"Mtamba wako baki naye," Magesa alisema. Hakupandisha sauti. "Hawa nitawapokea, maana shamba linanisubiri na wanangu wamechoka. Lakini safari hii tutafanya kama watu wasiojuana. Ndiyo maana nimewaita hawa. Nataka ng'ombe wahesabiwe hapa, kwa sauti, mmoja mmoja, na mwenyekiti asikie. Kesho yakitokea maneno, mtu asinitazame mimi."

Mayala alifungua mdomo. "Magesa. Mimi na wewe, tangu lini?"

"Tangu ulipokuja na gari."

Ng'ombe walikuwa wameshashushwa, wamesimama ndani ya uzio, maksai wamekwisha kwenda wenyewe kwenye kona yao. Mke wa Magesa alisimama mlangoni na sufuria ya chai, hajui kama ailete au airudishe. Mwenyekiti wa kitongoji, mtu mpole aliyetamani kuwa kwingine, alikohoa akasogea kwenye uzio na kuinua mkono.

"Si wewe, mwenyekiti," Magesa alisema. "Tunaye msomi wa hesabu. Ahesabu yeye."

Pengine hakusema kwa ubaya. Pengine aliona ni heshima. Hosiana alimtazama baba yake, akiomba kwa macho akatae, aseme binti yangu hafanyi hivyo, wapakie ng'ombe waondoke kama ni lazima. Mayala alikuwa anatazama kwato za ng'ombe wake.

"Hesabu," alisema.

Hosiana akanyoosha kidole kwa yule wa mbele, jike jeusi lenye tumbo jeupe, mtoto wa mmoja aliyemfahamu tangu akiwa mdogo. Akasema "mmoja," kwa sauti aliyoisikia yeye peke yake.

"Hawakusikia," alisema baba yake. "Anza tena. Sema kwa nguvu, kama ulivyowaambia wale."